Kuvu imenawiri kwenye nyuzijoto 37, sumu imekwenda wapi?

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa mwisho. Niliotesha kuvu ya Aspergillus flavus kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) yenye tui la nazi. Nusu niliziweka kwenye kabati la joto la nyuzijoto 30, nusu kwenye 37. Baada ya siku tano, sahani za 37 zilikuwa zimejaa ukungu wa kijani kuliko za 30. Lakini nilipoziweka chini ya taa ya urujuanimno, za 30 ndizo zilizong'aa buluu, za 37 hazikung'aa kabisa. Je, joto limezizima jeni za sumu? Limezizima namna gani? Na je, ina maana nafaka ikihifadhiwa mahali penye joto kali iko salama?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuziweka sahani sambamba kwenye halijoto mbili. Wengi huotesha kila kitu kwenye 37, kwa mazoea yaliyotoka maabara za hospitali, kisha wanaandika kwenye ripoti kwamba kuvu yao haina sumu. Ulichokiona ni kweli: joto limezinyamazisha jeni za aflatoksini, sumu ya kuvu hii, ambayo ndiyo inayong'aa buluu chini ya taa yako. Ila kunyamaza si kufa, na ndiyo maana swali lako la tatu jibu lake ni hapana.

Sahani zako zimeonyesha wazi kwamba kukua ni shughuli moja na kutengeneza sumu ni shughuli nyingine, na kila shughuli ina joto lake. A. flavus huota kuanzia nyuzijoto 12 hivi hadi karibu 48, na hustawi zaidi panapokaribia 35. Aflatoksini nayo hutengenezwa kwa wingi kati ya 28 na 30. Joto likipanda kuelekea 37, utengenezaji huporomoka, na kwenye vyakula vya maabara vyenye maji ya kutosha hukaribia sifuri. Kwa hiyo kuvu yako ya 37 haikuwa dhaifu wala haikuwa inateseka. Ilishiba, ikatanda, ikazaa spora (mbegu zake ndogo), ila karakana moja ndani yake ilikuwa imefungwa. Anayepima hatari kwa kutazama wingi wa ukungu atakosea kila mara, na mbele yako una ushahidi wa jambo hilo.

Karakana yenyewe iko hivi. Jeni za aflatoksini hazikutawanyika ovyo katika kromosomu nane za kuvu hii. Zimekaa bega kwa bega, jeni kama 30, kwenye kipande cha DNA chenye urefu wa herufi zipatazo 75,000, karibu na ncha ya kromosomu ya tatu. Nyingi kati yake hutoa kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia) cha hatua moja tu ya kazi. Malighafi ni vipande vidogo vya kaboni, vilevile ambavyo seli hutumia kutengenezea mafuta. Kimeng'enya cha jeni iitwayo aflC huviunga kuwa mnyororo, na kitu cha kwanza kutulia katika safari hiyo ni asidi ya norsoloriniki, yenye wekundu wa matofali. Kimeng'enya cha aflD huipokea na kuibadilisha, kisha inapita mikononi mwa vingine vingi hadi kuwa sterigmatosistini, ambayo nayo ni sumu. Mwishoni aflP na aflQ humalizia, na aflatoksini B1 inapatikana. Kuvu ambazo aflD yake imeharibika hubaki na ule wekundu umejaa kwenye nyuzi zake, kwa sababu kazi imekwama hapo. Rangi hiyo iliwasaidia sana watafiti kuifuata njia ya sumu hatua kwa hatua, na mpaka leo nikiiona sahani ya namna hiyo huwa nafurahi kama siku ya kwanza.

Karakana yote ina nyapara, naye ni protini ya jeni aflR. Protini hii hushika DNA mahali penye maandishi maalumu mbele ya jeni za sumu: herufi TCG, kisha herufi tano zozote, kisha CGA. Isiposhika hapo, jeni husika hazinukuliwi kuwa RNA, yaani nakala ya kazi ya jeni, na bila RNA hakuna kimeng'enya. Nyapara ana msaidizi, protini ya jeni aflS, ambayo imepakana na aflR kwenye DNA. Msaidizi huyu hashiki DNA. Anamshika nyapara mwenyewe, na nyapara hafanyi kazi ipasavyo bila yeye.

Sasa turudi kwenye kabati la 37. RNA ya kuvu iliyooteshwa kwenye nyuzijoto 30 ikilinganishwa na ya 37, RNA ya karibu jeni zote za karakana hushuka sana kwenye 37, nyingine hadi karibu kutoweka. Wakati huohuo sehemu kubwa ya jeni nyingine za kuvu, ambazo kwa jumla ni zaidi ya 12,000, zinaendelea na kazi zake. Kwa hiyo si kwamba seli imezubaa kwa joto. Kuna mkono uliochagua mahali pa kuzima.

Mkono huo unagusa wapi? Hapa nakuomba usome kwa subira, kwa sababu utakuta ripoti zinazoonekana kupingana. Katika vipimo vya RNA nzima vilivyolinganisha 30 na 37, aflR ilishuka, na aflS ikashuka zaidi. Tafsiri yake ni kwamba idadi ya manyapara peke yake haitoshi. Kinachoamua ni uwiano kati ya nyapara na msaidizi. Msaidizi akipungua kupita kiasi, nyapara aliyebaki hana nguvu. Lakini kuna vipimo vingine ambamo RNA ya aflR ilikuwa karibu sawa kwenye joto zote mbili, huku jeni zilizo chini yake zikiwa kimya. Hapo hatuwezi kusema nyapara hakuandikwa kazini. Yupo, ila inaelekea protini yake haifanyi kazi kwenye 37. Mimi sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Joto linaweza kupunguza nakala za RNA na pia kuilemaza protini iliyokwisha kutengenezwa, na kipi kitaonekana zaidi hutegemea aina ya kuvu, chakula ilicholishwa, na saa uliyochukua sampuli. Kwa hiyo ukiandika ripoti yako usiishie kupima aflR peke yake. Pima aflR, aflS, na angalau jeni mbili za vimeng'enya, moja ya mwanzoni kama aflD na moja ya mwishoni kama aflP au aflQ. Ukipata aflR iko juu na aflD iko chini, umepata habari muhimu. Si kosa la kipimo.

Juu ya nyapara kuna mamlaka kubwa zaidi. Ndani ya kiini cha seli kuna kundi la protini tatu, VeA, VelB na LaeA, linalosimamia sumu na kemikali nyingine nyingi zisizo za lazima kwa uhai, pamoja na namna kuvu inavyozaa spora. LaeA ikiondolewa, karakana kadhaa za kuvu hufungwa kwa pamoja. Nalitaja kundi hili kwa sababu linasikiliza mwanga pia: VeA huingia kwenye kiini kwa wingi zaidi gizani. Sasa jiulize, je, kabati zako mbili zilikuwa na giza sawa? Kama moja ina mlango wa kioo na nyingine ya chuma, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, na mtahini makini atakuuliza.

Kuna jambo la wakati ambalo huwaangusha hata wenye uzoefu. Kuvu haianzi kutengeneza aflatoksini pale spora inapochipua. Kwanza inajenga mwili wake, kisha ukuaji unapoanza kupungua kasi, siku ya pili au zaidi kutegemea chakula na joto, ndipo karakana inafunguliwa. RNA ya jeni hizo hupanda, hukaa kwa muda, kisha hushuka. Sumu yenyewe hubaki ikijilimbikiza. Ukichukua RNA siku ya tano, unaweza kukuta jeni za kuvu ya 30 zimeshatulia huku sahani ikimeremeta buluu. Usiseme hapo kwamba jeni na sumu havihusiani. RNA inakwambia kinachofanyika saa hiyo, na ule mng'ao ni jumla ya yote yaliyofanyika tangu mwanzo, kupunguza kiasi kidogo ambacho kuvu iliyozeeka huweza kukivunja yenyewe. Na kwa kuwa kuvu ya 37 inakua kwa kasi tofauti, siku ya tatu yake si umri sawa na siku ya tatu ya mwenzake. Chukua sampuli kila baada ya saa 12 kuanzia saa ya 24, kausha utando wa nyuzi za kuvu upime uzito wake, kisha eleza sumu kwa kila gramu ya utando mkavu. Kazi ni kubwa, naijua, lakini bila hiyo unalinganisha mtoto na mtu mzima.

Jeni za kulinganishia, zile unazozitumia kama kipimo cha kawaida unapopima RNA, nazo zichunguzwe. Watu huchukua jeni ya aktini au ya tubulini wakidhani haiyumbishwi na chochote. Kwenye mabadiliko ya joto inaweza kuyumba, na ikiyumba inaharibu hesabu yote. Tumia mbili au tatu, na uhakikishe kwanza kwamba zimetulia kwenye 30 na 37 kwa kuvu uliyo nayo.

Halafu maji. Hili ndilo ningelitilia shaka kwanza kama ningeziona sahani zako kwa macho. Sahani iliyokaa siku tano kwenye nyuzijoto 37 hukauka haraka kuliko iliyokaa kwenye 30. Ukungu nao unahisi ukavu huo: si kiasi cha maji kilichomo kwenye agari, bali maji huru, yale ambayo hayajafungwa na chumvi, sukari au wanga. Maji safi tunayapa 1.00 kwenye kipimo hicho. A. flavus huweza kukua hadi karibu 0.80, lakini kutengeneza sumu huhitaji juu kidogo ya hapo, na hufanya vizuri zaidi kwenye 0.95 na kuendelea. Ziweke sahani ndani ya boksi lililofungwa lenye bakuli la maji yenye gliserini, yaliyorekebishwa yawe na maji huru sawa na ya agari yako, uzipime mwanzo na mwisho, ndipo utakapoweza kusema kwa uhakika kwamba tofauti imetokana na joto.

Joto na maji havifanyi kazi kila kimoja kwa zamu yake, na usipolishika hili utalisoma jibu langu vibaya. Kuna majaribio yaliyopandisha joto kutoka 34 hadi 37, yakapunguza maji huru, na yakaongeza kaboni dioksidi hadi sehemu 650 na 1,000 kwa kila milioni ya hewa, karibu mara mbili na tatu ya hewa ya kawaida waliyolinganisha nayo. Ukuaji wa A. flavus haukubadilika sana. Lakini jeni za aflD na aflR ziliamka, na aflatoksini B1 ikaongezeka, kwenye nyuzijoto 37 hizohizo ambazo kwenye sahani yako zinaonekana kama ukuta. Kwa hiyo 37 si ukuta. Ni kizuizi kinachosimama katika hali fulani ya maji na hewa, na hali ikibadilika kizuizi kinalegea. Katika dunia inayopata joto na ukame kwa pamoja, mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote niliyokuandikia hapa.

Sasa nafaka. Kwanza, kuzimwa kwa jeni hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Aflatoksini B1 ni molekuli ngumu. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 268 hivi, na kuchemsha au kuoka kwa kawaida hakuimalizi. Dunia ililijua hilo kwa uchungu mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilifuatwa hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazili. Karanga zilikuwa zimekwisha kukamuliwa mafuta, zikasafirishwa baharini na kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo, na sumu ikafika salama mwisho wa safari. Jeni zilizoitengeneza zilikuwa zimenyamaza zamani, lakini kazi yake ilikuwa bado inaua. Kutokana na mkasa huo ndipo aflatoksini ikatambuliwa na kupewa jina, kwa kuunganisha herufi ya kwanza ya Aspergillus, mwanzo wa flavus, na neno la sumu.

Pili, ghala halina joto moja. Mchana bati linachoma, usiku linapoa. Katikati ya rundo pana joto lake, pembezoni pana lake. Nafaka yenye unyevu, wadudu na kuvu vyote vinapumua, na kupumua kunatoa joto na maji. Hewa yenye joto hupanda ikibeba mvuke, ikifika sehemu ya baridi mvuke unageuka matone, na hapo punje zinalowa upya. Kwa hiyo kati ya kiini chenye joto kali na ukingo uliopoa kuna tabaka lenye nyuzijoto 28 hadi 32 na maji ya kutosha, yaani mahali karakana inapopapenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami huikumbuka methali hiyo kila ninaposikia mtu anasifu ghala lenye joto. Kuvu iliyonyamazishwa na joto la mchana haikusahau kitu. Kwenye maabara, ukiihamisha kutoka 37 kwenda 28, jeni zake huanza kunukuliwa tena ndani ya saa chache.

Tatu, mara nyingi vita hupotea kabla ya mavuno. Karanga zikipigwa na ukame katika wiki nne hadi sita za mwisho, na udongo unaozizunguka ukiwa na nyuzijoto 28 hadi 31 hivi, aflatoksini huingia zikiwa bado ardhini. Mmea uliokauka unapoteza uwezo wa kutengeneza kemikali zake za kujikinga, na udongo unampa kuvu joto hasa la kuifungua karakana. Hapo mkulima hajakosea chochote ghalani, maana nafaka imefika ikiwa na sumu tayari.

Kinachoweza kutegemewa ni ukavu. Mahindi yakishuka hadi unyevu wa asilimia 13 au chini, karanga hadi asilimia 7 au 8, maji huru yanakuwa chini mno kwa A. flavus kukua kwa joto lolote, mradi ukavu huo udumu. Baridi nayo husaidia dhidi ya kuvu hii, kwa sababu chini ya nyuzijoto 10 haisogei. Lakini usiichukue kanuni hiyo ukaipeleka kwa kuvu nyingine. Fusarium sporotrichioides hutengeneza sumu iitwayo T-2 kwa wingi kwenye baridi, kati ya nyuzijoto 6 na 12. Katika miaka ya 1940, eneo la Orenburg katika Urusi ya Kisovieti, watu wenye njaa ya vita walikula nafaka iliyolala chini ya theluji msimu mzima wa baridi, na wengi wakafa kwa kuharibikiwa uboho na damu. Kila kuvu ina joto lake la kuua, na sahani zako zinazungumzia A. flavus peke yake.

Nina ombi moja kuhusu jaribio lako. Chukua sahani mbili au tatu za 37 ambazo hazijajaa hadi ukingoni, zihamishie kwenye 30 bila kuzifungua, ukaziangalie chini ya taa kila siku kwa siku tatu. Ukiona mng'ao wa buluu unajitokeza, hasa kwenye ukingo mpya, utakuwa umethibitisha kwa mikono yako kwamba jeni hazikuharibika. Ripoti yako itakuwa na nguvu mara mbili.

Ukimaliza, jihadhari na sahani zote, hata zile za 37. Kutong'aa kwa macho si kipimo cha sifuri. Tena kuvu hii hutengeneza pia asidi ya siklopiazoniki, sumu ambayo taa yako haitakuonyesha. Usifungue mfuniko nje ya kabati la usalama, usinuse, vaa glavu na barakoa, maana spora zake huingia mapafuni, na hizo hukua vizuri sana kwenye joto la mwili wa binadamu. Otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzijoto 121 itaua kuvu lakini haitaimaliza aflatoksini. Loweka agari na vyombo kwenye dawa ya klorini kwa saa kadhaa kabla ya kutupa, ukimwomba fundi wa maabara akuelekeze kiwango wanachotumia hapo kwenu, na kazi hiyo usimwachie mhudumu wa usafi ambaye hajui kilichomo.